Seva Moja au Mbili: Mhadhara kwa Wenye Kompyuta wa Sakania



Swali nililoletewa ni la vijana wenye seva nyumbani. Wengine wameinunua mkono wa pili, wengine wameiunga kwa vipande vya kompyuta za ofisi zilizotupwa. Wanauliza: kompyuta inayohifadhi mafaili iwe hiyo hiyo inayoendesha mashine pepe, au kila kazi ipate kompyuta yake? Jibu langu nalitoa sasa hivi, ili mlipime wakati nikiendelea. Mwenye kompyuta moja azichanganye kazi hizo mbili bila hofu, ila hifadhi aiweke chini kabisa, kwenye mfumo endeshi unaoshika chuma chenyewe, isikae ndani ya mashine pepe. Akipata kompyuta ya pili, asiitumie kutenga kazi. Aifanye mlinzi wa nakala. Kutenga kunakuja baadaye sana, na hapa kwetu sababu yake kubwa ni umeme.

Wenyeji wa mji huu hawahitaji kuelezwa sana tofauti kati ya mzigo na nguvu inayouvuta. Reli kutoka Ndola ilifika Sakania mwishoni mwa 1909, na mwaka uliofuata ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Upana wake ni milimita 1,067 upande huu wa mpaka na upande ule, kwa hiyo behewa lililopakiwa Zambia linaingia Kongo bila kupakuliwa. Kichwa cha treni kikiharibika, huletwa kingine, na mzigo unaendelea na safari ukiwa mzima. Hilo linawezekana kwa sababu pande mbili zilikubaliana kipimo cha reli. Katika seva, mafaili yetu ndiyo mabehewa, prosesa na kumbukumbu ya RAM ndicho kichwa, na kipimo cha reli ni namna diski zilivyopangwa ndani, namna ambayo kompyuta nyingine yoyote inaweza kuisoma. Kichwa na mabehewa vikiwa sanduku moja au masanduku mawili si hoja ya kwanza. Hoja ya kwanza ni kama behewa lako laweza kuvutwa na kichwa cha mtu mwingine siku chako kikifa.

Kabla ya kugusa mashine, tuseme tunahifadhi nini. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi huanza na mashine, halafu ndipo watafute cha kuweka ndani. Sakania ni mji wa mpaka. Kuna wakala wa forodha ambaye nakala za karatasi za mizigo ya miaka mingi ndizo kinga yake siku akiulizwa. Kuna parokia: Wasalesiani wa Don Bosco walifika Katanga mwaka 1911, Sakania ikawa vikarieti mwaka 1939, ikawa jimbo mwaka 1959, na tangu 1977 jimbo hilo huitwa Sakania-Kipushi. Kanisa lenye umri huo lina vitabu vya ubatizo na vya ndoa, na karatasi haipendi mchwa wala mvua. Kuna shule zenye matokeo ya mitihani. Kuna picha za harusi na za misiba, na sauti za babu na bibi wakisimulia safari zao za kwenda kutafuta kazi migodini.

Mnamo 1965, pale Elisabethville, mtu anayeitwa André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili cha huku kwetu, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Ilipigwa kwa mashine ya kuandikia. Leo tunaweza kuisoma kwa sababu mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliipata, akaichapisha pamoja na uchambuzi wake mwaka 1990, kisha ikawekwa kwenye mtandao katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu iliyojengwa Amsterdam. Nawaheshimu walioifanya kazi hiyo. Lakini inaniuma kwamba mtu wa Kenya, ile komini ya Lubumbashi, akitaka kusoma maneno ya jirani yake wa zamani, inabidi ayaulize Uholanzi. Ninaposema seva ya nyumbani, nina hayo moyoni: chombo kidogo ambacho kwacho mji kama huu unaweza kushika maandishi yake wenyewe, pamoja na nakala zilizoko kwingine.

Twende sasa kwenye ufundi.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta ya kweli. Inajiona ina prosesa yake, RAM yake na diski yake, kumbe vyote imekatiwa kipande. Wazo hili ni la zamani: IBM walikuwa nalo kwenye kompyuta zao kubwa miaka ya 1960. Kwenye kompyuta ndogo lilienea baada ya VMware kuanzishwa mwaka 1998, na likawa rahisi zaidi pale Intel na AMD walipoweka msaada wake ndani ya prosesa zenyewe, mwaka 2005 na 2006. Mapema 2007 KVM iliingia ndani ya kiini cha Linux. Mwaka 2008 kampuni ya Vienna, Austria, ikatoa Proxmox, ambayo imejengwa juu ya KVM na ambayo leo ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa nyumbani. Programu inayogawa chuma hivyo huitwa haipavaiza.

Upande wa hifadhi, jina la kulishika ni ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski. Jeff Bonwick na Matthew Ahrens walianza kuijenga pale Sun Microsystems mwaka 2001, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Ina tabia mbili zinazotuhusu sana. Kila kipande cha data huandikwa pamoja na alama ya kukihakiki, hivyo diski ikianza kudanganya, na diski hudanganya kimya kimya, ZFS hugundua, na kama kuna nakala kwenye diski ya pili hukirekebisha yenyewe. Tabia ya pili ni kwamba haiandiki juu ya data ya zamani. Inaandika mahali papya, ikimaliza ndipo inahamisha kielekezi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ile hali ya zamani bado ipo nzima. Mtu aliyeishi Katanga hahitaji kushawishiwa zaidi.

Na diski zilizopangwa kwa ZFS zinang'olewa hapa, zinachomekwa kwenye kompyuta nyingine yenye ZFS ya toleo linalolingana, unatoa amri moja ya kuziingiza, na mafaili yanaonekana. Kipimo cha reli ni kile kile. Linganisha na kadi nyingi za RAID, zile zinazounganisha diski kadhaa zionekane kama moja, zilizomo kwenye seva za mkono wa pili: kadi ikifa, unatafuta ndugu yake wa jamii ile ile, na kumpata ndugu huyo kutoka Sakania ni kazi ya majuma. Ndiyo maana ninaposhauri, nasema kadi ya RAID iwekwe katika hali ya kupitisha diski tu, isizifiche. ZFS inataka kuziona diski zenyewe.

Sasa tuangalie mtindo ambao vijana wengi wameupenda, nami naupinga kwa hapa kwetu. Mtu ana kompyuta moja. Anaweka Proxmox. Ndani yake anaunda mashine pepe, na ndani ya mashine pepe anaweka mfumo wa hifadhi kama TrueNAS, ule uliotokana na FreeNAS ya Mfaransa Olivier Cochard-Labbé ya mwaka 2005. Kisha hifadhi ile inarudishwa kwa Proxmox kupitia mtandao wa ndani, na mashine pepe nyingine zinaweka diski zao humo. Kwenye skrini inapendeza: kila kitu kina ukurasa wake na vitufe vyake. Ufundi wake hauna kosa ikiwa kadi ya diski imekabidhiwa mashine pepe ile moja kwa moja, bila Proxmox kuigusa. Mafundi makini wameufanya kwa miaka.

Lakini tazameni umeme ukikatika usiku na kurudi saa tisa alfajiri. Seva inawaka. Proxmox inaamka, inatafuta hifadhi yake, haipo, maana mwenye hifadhi ni mashine pepe ambayo bado haijawashwa. Mashine zinazoitegemea zinajaribu kuanza na kushindwa. TrueNAS inaamka dakika kadhaa baadaye, hakuna tena anayeingoja. Asubuhi mwenye nyumba anaamsha kila kitu kwa mkono. Unaweza kupanga zamu za kuamka na muda wa kungoja, na wengi hufanya hivyo, lakini umejifunga mduara: mwenyeji anamtegemea mgeni, mgeni anamtegemea mwenyeji. Ulaya, ambako seva huzimwa mara moja kwa mwaka ili ipanguswe vumbi, mduara huo hauonekani. Hapa tuna delestaji, yaani umeme wa kukatwa kwa zamu, na mtu ataukuta mduara huo mara kwa mara.

Kwa hiyo, kwenye kompyuta moja, ZFS ikae kwenye Proxmox yenyewe. Proxmox iliingiza ZFS mwaka 2015 katika toleo la 3.4, na inaendesha vizuri. Utakosa ukurasa mzuri wa kugawa mafolda kwa watu wa nyumbani. Basi unaunda mashine pepe ndogo ya Linux yenye Samba, kazi yake kugawa tu. Ikifa, data haijaguswa. Hifadhi isitegemee kitu ambacho chenyewe kinaitegemea hifadhi. Mkikumbuka hilo, majina ya programu mtayachagua wenyewe.

Kuhusu RAM, wengi wanaogopa. Wamesikia kwamba ZFS inataka gigabaiti moja kwa kila terabaiti ya diski. Hiyo ni desturi ya mdomo, wala si sharti la programu. ZFS hutumia RAM kuweka vitu vinavyosomwa mara kwa mara, na unaweza kuiwekea kikomo kwa mstari mmoja wa mpangilio. Kwa nyumba yenye terabaiti nne, gigabaiti mbili za RAM kwa kazi hiyo zinatosha, mradi usiwashe ile huduma ya kufuta vipande vinavyojirudia. Hiyo ndiyo mlaji wa kweli, na nyumbani haina faida. Kompyuta ya gigabaiti 16 inabeba hifadhi na mashine pepe nne au tano ndogo bila kuhema.

Sasa niwape hoja ambayo sijaisikia ikisemwa vya kutosha, nayo ndiyo iliyonifanya nisimame upande wa kuchanganya. Wengi husema kutenga ni salama zaidi. Mahali ambapo umeme hauaminiki, kutenga bila mipango kunaweza kuharibu zaidi.

Hifadhidata inapoandika malipo ya mteja, huiambia diski: andika, na usinijibu mpaka iwe imeandikwa kweli. Inangoja. Jibu likija, ndipo inaendelea. Kungoja huko kunachelewesha kazi, hasa kwenye diski za kuzunguka, na zaidi pale ambapo ombi linapita kebo na swichi mpaka kompyuta nyingine. Mtu akiona polepole, anatafuta dawa, na dawa anayoipata upesi ni kuiambia ZFS ijibu "tayari" kabla ya kuandika. Mwendo unaongezeka ajabu. Lakini ZFS hukusanya maandishi kwenye RAM na kuyashusha kwenye diski kwa mafungu, kwa kawaida kila sekunde tano hivi. Kwa hiyo sekunde chache za mwisho ni ahadi tupu.

Ikiwa hifadhi na mashine pepe vimo katika sanduku moja, umeme ukikatika vyote vinakufa pamoja. Vikiamka, hifadhidata inakuta hali ya sekunde chache zilizopita, nzima, yenye mpangilio. Umepoteza malipo ya mwisho. Ni hasara, lakini ina mwisho. Sasa vitenge. Kompyuta ya hifadhi imekosa umeme kwa sababu betri yake imechoka au mtoto amechomoa waya, na ile ya mashine pepe bado iko hai. Hifadhi inarudi baada ya dakika mbili, ikiwa na hali ya zamani. Mashine pepe haijalala. Kichwani mwake inaamini kwamba vipande vile viliandikwa, na inaendelea kuandika juu ya msingi ambao haupo. Faili la hifadhidata linapinda, na hakuna atakayejua mpaka mwisho wa mwezi hesabu zikatae. Kwa hiyo anayetenga asidanganye maandishi. Alipe polepole yake, au anunue SSD ya daraja la seva, ile yenye hifadhi ndogo ya umeme ndani inayomalizia kuandika hata umeme ukikatika, aitumie kama daftari la maandishi ya haraka. SSD nyingi za bei nafuu hazina kitu hicho.

Na kuna hesabu ya mashine nyingi. Tuseme kompyuta yako, kwa umeme wake na betri yake, inafanya kazi siku 95 kati ya 100. Ukifunga huduma kwenye kompyuta mbili zinazotegemeana, na kila moja inaharibika kwa sababu yake, huduma inapatikana pale tu zote mbili ziko hai: 95 mara 95 inatoa siku 90. Ongeza swichi katikati, inashuka tena. Makampuni makubwa yanayotenga hifadhi na mashine hununua kila kitu mara mbili: hifadhi mbili, swichi mbili, nyaya mbili. Kijana anayenakili mchoro wao akanunua kimoja kimoja amechukua hatari yao bila kinga yao. Tena hata wakubwa wenyewe hawakukaa upande mmoja. Miaka ya 1990 walitenga, wakajenga mitandao maalumu ya hifadhi. Google mwaka 2003 wakaeleza hadharani jinsi wanavyoweka data kwenye maelfu ya kompyuta za kawaida zilizo karibu na kazi yenyewe, na Nutanix, iliyoanzishwa mwaka 2009, ikauza mchanganyiko huo kwa makampuni. Kila mara walifuata gharama zao. Nasi tufuate zetu.

Gharama yetu kubwa ni wati. Mnajua historia: Katanga ilijengewa mabwawa ya umeme ya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke kwa ajili ya migodi, kisha mwaka 1982 ukakamilika waya wa umeme wa kilomita 1,700 kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, ukipita juu ya vijiji visivyo na taa, na bado hautoshi. Mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya bwawa la Kariba, jirani zetu wa Zambia walikaa gizani masaa mengi kila siku. Kwa hiyo anayepanga seva apange betri kwanza.

Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Ukitaka iishi, usiitumie zaidi ya nusu: 1,200. Seva ya zamani ya ofisini, kama Dell R720 ya mwaka 2012 yenye diski zake, inaweza kula wati 150 bila kazi yoyote ya maana. Gawanya: masaa manane, na ukiondoa kinachopotea ndani ya onduleri, kifaa kinachogeuza umeme wa betri, ni karibu saba. Kompyuta ndogo ya prosesa ya N100, iliyotoka 2023, pamoja na diski mbili ndogo, inakula wati 25 hivi. Betri ile ile inaibeba masaa arobaini. Najua seva kubwa ina sura ya heshima, na kwenye soko la mkono wa pili huuzwa rahisi. Rahisi yake inalipwa kila usiku. Aliye na seva kubwa tayari asiitupe: aiwashe mchana, umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukiwepo, kwa kazi nzito, kisha aizime.

Na hapo ndipo kutenga kunapata maana. Ukiwa na kitu kikubwa kinacholala na kidogo kinachokesha, hifadhi ikae kwenye kile kinachokesha. Picha, nyaraka, ratiba za parokia, vyote viwe kwenye kompyuta ya wati 25, yenye mashine pepe mbili tatu nyepesi humo humo. Ile kubwa ichukue kazi za kufundishia na kubadilisha video, mambo yanayoweza kusubiri, na diski za mashine zake iziweke ndani yake yenyewe. Mafaili ya watu iyaombe kwa ndogo kupitia mtandao inapoyahitaji. Huko ni kutenga kwa sababu ya maana, kipi kinakesha na kipi kinalala, na hakuna mduara. Kubwa ikizimika, ndogo haina habari.

Nimesema kompyuta ya pili iwe mlinzi wa nakala. Hapa nataka nikae, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza vitu. Diski mbili zinazofanana ndani ya sanduku moja zinakulinda na kifo cha diski moja. Hazikulindi na radi, na mvua zetu za Novemba hadi Machi zinakuja na radi nyingi. Hazikulindi na mwizi anayebeba sanduku zima, wala na wewe mwenyewe unapofuta folda usiku ukiwa umechoka. Picha za papo hapo ambazo ZFS huzichukua, zile zinazokuonyesha mafaili yalivyokuwa jana, zinakuokoa na hilo la mwisho peke yake. Nakala lazima iwe kwenye chuma kingine, na chuma hicho kikae nyumba nyingine.

ZFS inarahisisha. Inajua ni vipande gani vimebadilika tangu mara ya mwisho na inatuma hivyo tu. Familia yenye terabaiti mbili inaweza kuwa na mabadiliko ya gigabaiti moja kwa juma, na hayo yanapita kwenye intaneti ya simu usiku, au yanabebwa kwenye diski ndogo ndani ya mkoba. Lubumbashi ni kilomita 255 kwa reli kutoka hapa. Mtu anayeenda mjini kila mwezi anaweza kubeba mabadiliko ya mwezi mzima, akayaingiza kwenye kompyuta ya shemeji au ya dada yake, naye akaondoka na ya kwao. Diski ifungwe kwa ufunguo wa siri kabla ya kubebwa. Kwa nakala za mashine pepe zenyewe, Proxmox ina programu yake ya nakala, tangu 2020, nayo inaweka tofauti tu, haijazi diski.

Kompyuta ya nakala haihitaji nguvu. Iwe ya zamani, ya polepole, iwashwe mara moja kwa juma na kuzimwa. Kuzimwa kwake ni sehemu ya ulinzi: virusi vinavyofunga mafaili kwa fidia haviwezi kufikia kitu kisichowaka. Ila ikiwaka, iagize ZFS isome diski nzima na kuhakiki alama, angalau mara moja kwa mwezi. Na mara moja kwa mwaka rudisha kitu kweli: chagua mashine pepe moja, ijenge upya kutoka kwenye nakala kwenye kompyuta nyingine, uone kama inawaka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa bado ni tumaini.

Mtaniuliza: kwa nini taabu yote hii, na kampuni za nje zinatupa hifadhi bure kwenye simu? Tulipiga kura tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima, ikarudi karibu majuma matatu baadaye. Siku zile, aliyekuwa na mafaili yake ng'ambo hakuwa na mafaili. Aliyekuwa nayo kwenye sanduku lililoko sebuleni aliendelea kufanya kazi, na jirani aliyeunganishwa na waya wake naye aliendelea. Kwa ajili hiyo hiyo nafurahia LUBIX, kituo cha pale Lubumbashi ambako watoa intaneti wanaweza kukutana na kubadilishana ujumbe bila kuutoa kwanza nje ya nchi. Seva iliyoko Katanga inayosomwa na mtu wa Katanga isihitaji kupita Ulaya.

Anayehifadhi mafaili ya wengine ajue pia kwamba tangu Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya kidijitali, nayo inagusa data za watu binafsi. Ukiweka vitabu vya ubatizo au karatasi za wateja wa forodha, hizo ni siri za watu. Mashine pepe inayofunguliwa kwa umma isiwe ile ile yenye mafaili hayo, hata kama sanduku ni moja. Kutenga kwa namna hiyo, ndani ya haipavaiza, hakuli hata wati moja ya ziada, na ndiko kutenga ninakokutaka kwa kila nyumba kuanzia siku ya kwanza.

Mambo ya chuma yenyewe nitayapitia upesi. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaziba feni. Weka seva juu, si sakafuni, na uifungue uipulize kabla mvua hazijaanza. Kebo ya mtandao inayotoka nyumba moja kwenda nyingine hewani inaleta radi ndani, kwa hiyo tumia redio ndogo za kuelekezana au nyuzi za kioo. Onduleri yenye waya wa USB iunganishwe na seva, programu ya NUT isome hali ya betri, na betri ikishuka mpaka kiwango ulichokiweka, mashine pepe zizimwe kwanza, hifadhi ya mwisho. Ikiwa ni masanduku mawili, lile la hifadhi lipokee amri baada ya lingine kumaliza. Wakati wa kuwaka, kinyume chake: hifadhi kwanza, dakika tatu, ndipo mashine. Jaribuni mchana, kwa kuchomoa waya wa ukutani mkiwa mmekaa hapo mkiangalia.

Mwisho ni karatasi. Diski zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa siri, na ufunguo ukiwa kichwani mwa mtu mmoja, basi mafaili ya familia yana umri wa mtu huyo. Andika kwa mkono, kwa maneno ambayo mke au mume au kaka yako ataelewa: sanduku lipi linawashwa kwanza, ufunguo ni upi, nakala iko kwa nani Lubumbashi, na fundi gani aitwe. Iandike bila jina la programu lisilo la lazima. Karatasi moja ikae pamoja na hati za kiwanja, nyingine kwa yule anayetunza nakala. Kila diski ibandikwe tarehe iliyoanza kazi. Ufunguo ukibadilishwa, karatasi zote mbili zibadilishwe siku hiyo hiyo, na ile ya zamani ichomwe.

Sasa naomba maswali, na ningependa tuanze na wale ambao tayari wana seva inayowaka nyumbani.